Maji ya moto nyumbani Dodoma: shawa ya umeme, hita ya tanki, gesi au sola?

Aliyezoea Dar es Salaam haoni sababu ya kuweka hita bafuni. Akihamia Dodoma, kipupwe kimoja kinatosha kumbadilisha mawazo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 huku upepo ukivuma. Maji yaliyolala kwenye simtanki juu ya mnara hayaogeki alfajiri kwa mtoto anayewahi shule, wala kwa mzee mwenye viungo vinavyouma.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, nyumba zimejengwa kwa kasi Iyumbu, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Nala, mpaka njia ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba. Karibu kila anayejenga anafika kwenye swali hilihili: afunge nini bafuni? Wengi hulijibu dukani kwa kuangalia bei, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kwa nyumba ya Dodoma, kifaa ni cha mwisho kuchaguliwa. Kwanza ujue maji yanayoingia kwako ni ya namna gani, pili waya uliofika bafuni una unene gani. Ukishayajua hayo mawili, baadhi ya vifaa vinaondoka mezani vyenyewe.

Vifaa vyenyewe

Shawa ya umeme ni ile inayofungwa palepale kwenye bomba la kuogea. Haina tanki. Maji yanapita juu ya koili, yanapata moto njiani na kukushukia. Ukifunga koki, inazima. Nyingi zinazouzwa kwetu zimetokana na mtindo wa Brazil, ambako nyumba nyingi zinayo. Bei yake ni makumi ya maelfu mpaka laki na kitu.

Hita ya tanki inahifadhi maji, kwa kawaida lita 30, 50 au 80, inayachemsha taratibu na kuyatunza ndani ya chombo chenye sponji ya kuzuia joto lisitoke. Hiyo ni laki kadhaa.

Hita ya gesi ya papo kwa papo ni boksi la ukutani lisilo na tanki. Ukifungua koki, moto unawaka wenyewe na kupasha bomba ambamo maji yanapita. Ya nne ni sola ya maji: mirija au bamba juu ya paa, na tanki lake. Hii huvuka milioni bila shida.

Maji kwanza

Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma yanatoka ardhini, hasa visima vya Mzakwe, na pembezoni watu wengi wamechimba visima vyao. Ukitoka kuelekea Bahi, Manyoni na Singida, hali ni hiyohiyo, na mara nyingi chumvi inazidi. Mwenyeji yeyote anayajua maji haya: sabuni inasitasita kutoa povu, na birika la umeme linafanya ukoko mweupe chini.

Kuna mambo mawili hapa na watu huyachanganya. La kwanza ni ugumu wa maji, yaani madini ya kalsiamu na magnesiamu. Maji yakipata moto, madini hayo yanaganda kwenye koili na kufanya ukoko. Ukoko unazuia joto kutoka, koili inajichoma yenyewe, siku moja inakatika. Kadiri joto linavyokuwa kali ndivyo ukoko unavyojengeka haraka.

La pili ni chumvi yenyewe, ile unayoionja mdomoni. Maji yenye chumvi nyingi yanapitisha umeme vizuri zaidi. Ndani ya shawa nyingi za bei nafuu koili iko wazi, inagusana na maji moja kwa moja. Kwa maji yasiyo na chumvi, umeme unaovuja kupitia maji ni kidogo sana na waya wa eathi unaushusha ardhini. Kwa maji ya chumvi, uvujaji unaongezeka, na kama eathi ni mbovu au haipo kabisa, aliye chini ya shawa ataisikia. Wale wanaosema "shawa yangu inapiga shoti kidogo, nimezoea" wananitia hofu kuliko jambo lolote lingine katika mada hii. Hakuna shoti ndogo kwa mtu aliyelowa aliyesimama kwenye vigae.

Ndiyo maana watengenezaji wanatoa aina mbili: shawa ya maji ya kawaida na shawa ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa. Kwa macho zinafanana sana, tofauti imeandikwa kwenye boksi. Ukinunua kwa ajili ya Dodoma, na hasa kwa nyumba yenye kisima, uliza ya maji ya chumvi na usome boksi mwenyewe. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, nenda duka jingine.

Hita ya tanki inastahimili zaidi kwa upande wa usalama, maana koili yake imefunikwa na bomba la chuma. Lakini ukoko nayo inaupata, tena unashuka na kujaa chini ya tanki. Ndani yake kuna kijiti cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tanki lenyewe. Kwa maji yetu kijiti hicho kikaguliwe kila mwaka. Watu hawakijui, tanki linaanza kuvuja, wanalaumu kampuni.

Bado hujajua maji yako yakoje? Angalia birika lako la umeme. Likifanya ukoko mzito ndani ya wiki chache, maji ni magumu. Ukiyaonja na kusikia chumvi, chukulia kwamba ni ya chumvi na uchague kwa msingi huo.

Waya uliofika bafuni

Kupasha maji kunahitaji nguvu nyingi, na hesabu yake haidanganyi. Tuseme maji ya alfajiri ya Julai yana nyuzi 18 na wewe unataka kuoga kwa nyuzi 40. Shawa ya kilowati 5.5 itakupa lita 3.6 hivi kwa dakika. Ya kilowati 3.5 itakupa lita 2.3. Ya kilowati 7, lita 4.5. Hakuna chapa inayoweza kuvuka hapo, kwa sababu ni joto la maji lenyewe linalopimwa. Ndiyo sababu shawa hizi zinatoa maji membamba asubuhi ya baridi: ukifungua koki zaidi, maji yanapita haraka na yanafika baridi. Jioni ni tofauti, kwa kuwa simtanki jeusi limepigwa na jua la Dodoma mchana kutwa, na maji yake tayari yana uvuguvugu.

Kwa umeme wetu wa volti 230, kilowati 5.5 zinavuta ampea 24. Kilowati 7 zinavuta ampea 30. Soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hiyo shawa ya umeme haichomekwi kwenye soketi, wala haiungwi kwenye waya wa taa ya bafuni, ambao kwa nyumba nyingi ni wa 1.5 mm. Inahitaji njia yake peke yake kutoka meni swichi: waya wa 6 mm, breka ya ampea 32, swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyofungwa nje ya bafu au inayovutwa kwa kamba, na kifaa cha RCD cha miliampea 30, ambacho kinakata umeme mara tu kinapohisi unavuja. Waya wa 4 mm unaweza kutosha kwa njia fupi na shawa ndogo, lakini tofauti ya bei na ule wa 6 mm kwa mita kumi au kumi na tano haifai kubishaniwa.

Na eathi. Fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, iliyofungwa vizuri, iliyopimwa. Udongo wa Dodoma ni mkavu miezi mingi ya mwaka, na udongo mkavu haupokei umeme kirahisi. Eathi iliyopimwa Machi baada ya mvua inaweza kuwa mbaya Septemba. Mwambie fundi aje na kipimo, na ikibidi aongeze fimbo ya pili. Fundi huyo awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kazi ya shawa ya umeme si ya fundi bomba anayejua kuunga waya kidogo.

Hita ya tanki ni mpole kabisa hapa. Kilowati 1.5 zinavuta ampea 6.5 tu. Waya wa 2.5 mm unatosha. Nayo inataka eathi na RCD vilevile, ila nyumba ya zamani ya mitaa kama Area C au Kikuyu haitalazimika kuchimbwa kuta kwa ajili yake.

Wapo wanaoona mtandaoni video za Marekani, boksi moja dogo linapasha maji ya nyumba nzima, bafu tatu na jiko, wanataka na wao. Boksi hilo likiwa la umeme linakula kilowati 18, 24 au zaidi. Kwa fezi moja, yaani umeme wa kawaida wa nyumbani, kilowati 24 ni zaidi ya ampea 100, na meni swichi ya nyumba ya kawaida ni ya ampea 60 hivi au pungufu. Huwezi, isipokuwa uwe na fezi tatu. Kwetu hita ya umeme isiyo na tanki inafaa kwa bafu moja moja, na ukiwasha mbili za kilowati 5.5 kwa wakati mmoja tayari umefika ampea 48 kabla ya pasi na friji.

Halafu kuna volti. Nguvu ya koili inafuata mraba wa volti (volti ikizidishwa kwa yenyewe), yaani volti ikishuka kidogo, joto linashuka sana. Mtaa wenu ukipata volti 190 badala ya 230 saa za jioni, shawa ya kilowati 5.5 inabaki na 3.75, na lita zako 3.6 zinakuwa 2.4 au pungufu. Kama taa zenu hupungua mwanga saa moja usiku, lipime hilo kabla hujanunua. Hita ya tanki haisumbuliwi sana na volti ndogo. Inachukua muda mrefu tu kufika.

Presha

Nyumba nyingi za hapa zinaishi kwa simtanki kwa sababu maji ya bomba yana siku zake. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji hadi kwenye shawa inakupa presha ya kama kilopaskali (kPa) 10. Shawa nyingi za umeme zinaanza kufanya kazi hapohapo kwenye kPa 10. Hita nyingi za gesi zinataka mara mbili au tatu ya hiyo, la sivyo moto hauwaki au unawaka na kuzima. Mnara wa mita 3 na shawa ya mita 2 vinakuachia mita moja tu. Pima kabla. Ukikosa, kuna pampu ndogo za kuongeza presha, ila hizo ni gharama nyingine na zinategemea umeme.

LUKU itasemaje

Kelele nyingi ziko hapa, na mara nyingi zinakosea. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi zilezile kunakula umeme uleule, iwe ni kwa shawa, tanki au hita ya kuchovya kwenye ndoo. Kinachotofautiana ni umetumia lita ngapi na umepoteza joto kiasi gani.

Mtu anayeoga dakika 8 kwa shawa ya kilowati 5.5 anatumia uniti 0.73 na lita 29 hivi za maji. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani anayelipa takriban Sh 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni Sh 260. Ndoo ya lita 20 iliyopashwa hadi nyuzi 40 inakula uniti 0.51, kama Sh 180. Mtu huyohuyo akioga dakika 8 kwenye shawa ya kawaida inayotoa lita 8 kwa dakika, maji yakitoka hita ya tanki, anatumia lita 64 na uniti 1.64, karibu Sh 585. Shawa ya umeme inaonekana ya bei nafuu kwa sababu inakunyima maji. Kwa mji ambao maji yana mgao, sioni ubaya wake.

Hita ya tanki ina upotevu wake: ikiachwa imewashwa usiku na mchana, inapoteza joto polepole na kujiwasha tena. Dawa ni kuiwasha saa 1 na dakika 40 hivi kabla ya kuoga. Tanki la lita 50 na kilowati 1.5 linatoka nyuzi 18 hadi 60 kwa muda wa kama saa 1 na dakika 40, kwa uniti 2.4. Ukiyachanganya na ya baridi unapata karibu lita 95 za kuogea, au 80 ukiwa mkweli. Hiyo ni familia ya watu watatu wanaooga kwa kiasi.

Ila kuna mtego ambao wengi hawauhesabu. Kama nyumba yako iko kwenye tarifu ndogo, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, unalipa kama Sh 122 kwa uniti. Watu wanne wakioga mara moja kwa siku kwa shawa ya umeme, tayari ni uniti 88 kwa mwezi, kabla ya taa, friji na televisheni. Utaondolewa kwenye tarifu hiyo, na kuanzia hapo kila uniti ya nyumba yako, mpaka ya balbu, inakuwa karibu mara tatu. Kwa familia ya namna hiyo swali halisi ni kama umeme uguswe kabisa kwa kupasha maji. Mtu mmoja anayeishi peke yake anaweza kubaki ndani ya 75 akiwa makini, familia haiwezi.

Gesi

Kilo moja ya gesi ya mtungi, kwenye hita nzuri, inatoa joto linalolingana na uniti 11 hivi za umeme. Kwa tarifu ya kawaida uniti hizo ni kama Sh 3,900. Kwa hiyo chukua bei ya mtungi wa kilo 15 wa mtaani kwenu, igawe kwa 15, ulinganishe na hiyo. Ikiwa mtungi mzima uko chini ya takriban Sh 58,000, gesi inakupunguzia gharama; ukizidi hapo, umeme unashinda. Kwa anayeweza kubaki kwenye tarifu ndogo gesi haikaribii.

Faida yake kubwa ni nguvu. Hita ndogo ya gesi ina kilowati 12 hadi 20, kitu ambacho waya wa nyumba yako hauwezi, hivyo maji yanakuja mengi na ya moto kweli hata alfajiri. Umeme ukikatika inaendelea, kwa kuwa nyingi zinawashwa na betri mbili za tochi.

Hatari yake ni moshi usioonekana. Gesi ikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua mtu aliyejifungia bafuni kabla hajajua kinachomsumbua. Hita hii isifungwe ndani ya bafu, hata bafu liwe na dirisha. Ifungwe ukuta wa nje, na mtungi ukae nje pia, umesimama. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi unaweza kuzima moto wake, kwa hiyo ijengewe kibanda kinachokinga upepo bila kuziba hewa. Kama huna ukuta wa nje unaofaa, mathalani umepanga ghorofani, iache kabisa.

Sola, na kwa nini Dodoma si Njombe

Katika baadhi ya sehemu za baridi hapa nchini, baridi huja na mawingu. Lushoto na Njombe zina asubuhi nyingi za ukungu, na sola ya maji inayumba wakati ule unapoihitaji zaidi. Dodoma ni kinyume. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kipupwe kinakuja katikati ya kiangazi, mbingu ikiwa safi. Mchana wa Julai una upepo baridi lakini jua limewaka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Na siku za mawingu zinapokuja, Januari na Februari, ni kipindi ambacho wengi wanaoga maji ya bomba bila kulalamika. Hali hii ya hewa inaipa sola nafasi nzuri sana, na nashangaa mapaa mengi ya Ilazo na Iyumbu bado yako matupu.

Tanki la lita 200 likipandishwa kutoka nyuzi 18 hadi 55 limebeba joto la uniti 8.6. Kwa tarifu ya kawaida ni zaidi ya Sh 3,000 kwa siku. Familia isiyomaliza tanki lote, tuseme inatumia nusu, bado inaokoa kama Sh 45,000 kwa mwezi. Ndani ya miaka mitatu hadi minne mtambo unaweza kuwa umejilipa. Maji ya jioni yapo, na tanki lililofungwa vizuri linabaki na joto la kutosha mpaka asubuhi.

Lakini ina masharti, na yanahusu maji tena. Sola za mirija za bei nafuu hazistahimili presha; tanki lake lazima likae chini ya simtanki, maana yake mnara wako uwe mrefu kuliko paa. Wengi wanagundua hili baada ya kununua. Pili, maji yakikatika na mirija ikakauka juani, usiijaze saa sita mchana. Maji baridi yakigusa kioo kilichopata moto mkali, kinapasuka. Subiri jua lishuke, au jaza alfajiri. Kwa mji wenye mgao, mweleze hili kila mtu wa nyumbani, dada wa kazi na mlinzi wakiwamo, kwa sababu ndio wanaofungua maji wewe ukiwa kazini. Tatu, ukoko: mirija inayojaa maji moja kwa moja inakusanya madini chini na inahitaji kusafishwa. Kama kisima chako ni cha chumvi sana, ongeza pesa uchukue mtambo ambao maji ya kuoga hayapiti ndani ya mirija, yanapashwa kwa koili ya shaba au kwa fimbo ya joto.

Ningemshauri nani achukue nini

Umepanga chumba na sebule chenye bafu ndani, maji ni ya mamlaka ya maji wala si ya kisima cha nyumbani, na mwenye nyumba amekubali waya mpya uvutwe: shawa ya umeme ya maji ya chumvi, kilowati 5.5 au chini ya hapo. Ukihama unaing'oa. Mwenye nyumba akikataa waya mpya, usiiunge kwa ujanja. Hita ya tanki ya lita 30 inafaa zaidi, au ubaki na ndoo na birika, ambalo si jambo la aibu na linakula umeme mdogo.

Una nyumba yako, familia ya watu wanne au zaidi, paa lako na mnara wako: sola, bila kusita. Weka na koili ya umeme ya akiba ndani ya tanki kwa siku za mvua. Kama milioni na ushee haipatikani sasa, funga hita ya tanki kwenye bafu la wazazi na uandae mabomba ya sola ya baadaye.

Nyumba ya kisima chenye chumvi kali, kama zile za njia ya Bahi: hapa shawa yenye koili wazi naikataa kabisa, hata kama bei yake inavutia. Hita ya tanki, na kijiti cha magnesiamu kikaguliwe.

Una nyumba ya wageni au hosteli karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), vyumba kumi, kila mmoja anataka kuoga saa kumi na mbili asubuhi: usifunge shawa kumi za umeme kwa fezi moja. Watu wanafanya hivyo, na waya mkuu unaungua. Sola kubwa, au gesi iliyofungwa nje, au uombe fezi tatu kwanza.

Mzee au mtoto mdogo yupo ndani: tanki na sola vinaweza kutoa maji ya nyuzi 60, yanayobabua ngozi kwa sekunde chache. Funga koki ya kuchanganyia maji, na wafundishwe kuanza na ya baridi.

Siku ya kufunga

Nyumba ikiwa haijapigwa plasta, kazi yote ni rahisi. Vuta waya wa 6 mm hadi kila bafu hata kama bado hujaamua, na laza mabomba mawili, la baridi na la moto. La moto liwe la PPR, plastiki inayostahimili maji ya moto. PVC ya kawaida italegea na kuvuja ndani ya ukuta. Shawa ya umeme inahitaji bomba la baridi tu, lakini weka yote mawili, maana baada ya vigae hakuna anayetaka kubomoa.

Weka geti valvu kabla ya kila kifaa ili ukitaka kusafisha usifunge maji ya nyumba nzima. Hita ya tanki iwe na valvu yake ya usalama, inayoachia presha ikizidi, na bomba lake la kumwagia lielekezwe nje. Fundi akiiziba kwa sababu "inadondosha maji", afukuzwe. Tanki lisilo na pa kupumulia linaweza kulipuka.

Shawa ya umeme ikishafungwa, fungua maji kwanza mpaka yatiririke bila hewa, swichi ikiwa imezimwa. Ndipo uwashe. Koili ikipata umeme ikiwa kavu inakatika papo hapo, na duka halitairudisha. Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD kuona kama kinakata. Rudia kila mwezi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, zima umeme, fungua sahani yenye matundu na uiloweke kwenye siki nyeupe usiku mzima. Matundu yakiziba, maji yanabanwa ndani na kuchemka juu ya koili. Kwa maji ya hapa, usisubiri mpaka yaanze kutoka upande mmoja.